Nani Aliyekosa, Mama wa Kwaya au Mimi?

Ya kusoma nyumbani: Yohana 9; Luka 13:1-5; Kumbukumbu la Torati 22:8

Wiki hii sikuandika muhtasari wa mahubiri ya Jumapili kama kawaida. Mchungaji wetu amenipa ruhusa nitumie kurasa hizi kwa jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tisa. Wengi wenu mnajua nusu yake. Nusu ile nyingine mmeisikia vibaya, na sehemu kubwa ya kuisikia vibaya ilitoka kwangu.

Mnakumbuka ile Alhamisi ya Aprili, mazoezi ya kwaya. Kanisa letu liko juu ya kilima, na hilo tunajivunia. Ukiwa kule barabarani unaona mabati yetu yaking'aa kabla hujaona kitu kingine chochote. Jioni hiyo wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi kabisa, lakini mvua ilikuwa haijaanza. Mama mmoja wa sauti ya pili alitoka akasimama barazani kuangalia kama mtoto wake ametoka shule. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika nguzo ya chuma inayobeba paa la baraza. Radi ikapiga paa.

Mimi nilikuwa ndani nikihesabu viti. Nilichoona ni weupe tu, halafu mama akiwa chini. Watu walikimbia mpaka mlangoni wakasimama. Mtu akapiga kelele, "Msimguse, bado ana stima!" Basi hatukumguse. Tulisimama hapo, watu waliookoka kama ishirini, tukiomba kwa sauti huku tumemwacha peke yake kwenye simiti. Ilikuwa labda dakika moja, labda mbili. Alijiamsha mwenyewe.

Acha niseme hili mapema, manake linaweza kuokoa mtu hata kabla hujamaliza kusoma. Mtu aliyepigwa na radi hana stima mwilini. Radi hupita na kwenda ardhini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Unaweza kumgusa papo hapo, na kama hapumui au moyo umesimama unapaswa kumgusa, umkandamize kifua kwa nguvu bila kungoja, huku mwingine akitafuta gari. Mboni za macho zikiwa zimepanuka na hazijibu mwanga, usiseme ameshaenda. Kwa radi hiyo si alama ya kifo. Katika nchi zinazoweka hesabu hizi kwa makini, kama Marekani, takriban watu tisa kati ya kumi wanaopigwa hubaki hai.

Mama alibaki hai. Miguu ilikuwa baridi na haina nguvu mpaka usiku, na sikio moja lilitoka damu. Siku ya pili alirudi nyumbani. Jumapili alitoa ushuhuda, tukapiga vigelegele, na nyinyi wengi mlifungia hadithi hapo.

Mwezi wa sita akaanza kulalamika kwamba kitabu cha nyimbo kina ukungu. Taa za usiku zilikuwa na duara kama pete. Alisogeza kitabu karibu, akakisogeza mbali, mwishowe akawa anaimba kwa kukariri. Alikuja kwangu kwa sababu Mchungaji alikuwa safarini. Akaniambia, "Pasta, macho yananikataa."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli.

Huku kwetu mnajua yanayosemwa sokoni radi ikipiga mtu. Wanasema imetumwa. Kuna mtu ana chuki, amekwenda kwa mtu mwingine, amelipa, na radi imepewa anwani. Sisi tuliookoka hatusemi hivyo. Lakini tulisema jambo lile lile tukiwa tumelivalisha suti. Tulisema kuna mlango uliofunguliwa. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia kando, "Pasta, radi haipigi bure." Nami nikakubali, wala si kwa sababu nilikuwa na andiko. Nilikubali kwa sababu ilinipa kazi ya kufanya.

Nilimtembelea mara tatu. Nilimuuliza kuhusu babu zake, kama kuna aliyekuwa mganga. Nilimuuliza kama kuna mtu hajamsamehe. Alifikiri sana, maskini, akanitajia shemeji yake na mambo ya shamba ya miaka kumi na mbili iliyopita, tukalia na kuomba juu ya shemeji. Nilimwekea siku saba za kufunga. Nilimsomea habari za Sauli njiani Dameski, mwanga kutoka mbinguni, siku tatu haoni, halafu kitu kama magamba kikaanguka machoni pake. Nikamwambia tungoje magamba. Sikuona, na mimi ndiye nilikuwa naona vizuri, kwamba Sauli alikuwa na barua mfukoni za kwenda kufunga watu, na mama huyu alikuwa anamngoja mtoto wa darasa la nne.

Na kuna hili, ambalo hata mke wangu nilichelewa kumwambia. Nilifungua daftari la zaka nikaangalia jina lake. Alikuwa sawa, kila mwezi, pesa kidogo lakini kila mwezi. Sijui ningefanya nini kama angekuwa na deni. Yaani najua, na ndiyo maana linanisumbua.

Binti yake mkubwa ndiye aliyekata shauri. Alikuja mwezi wa tisa kutoka Nairobi, akamwona mama yake akimimina chai nje ya kikombe, akampeleka hospitali ya macho. Mimi niliwasindikiza kwa sababu niliona aibu kubaki. Daktari alimtazama kwa ile mashine yao kama dakika tano, akainua kichwa akauliza, "Mama, umewahi kupigwa na stima ama na radi?"

Miezi mitatu mimi nilikuwa nauliza maswali. Yeye aliuliza moja.

Alitueleza kwa upole. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi iliyo angavu kama ute wa yai bichi. Umeme na joto vikipita hapo, ule uangavu unaharibika, na kama vile ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa bichi, lenzi nayo inabaki na weupe. Ndio mtoto wa jicho. Tumezoea kumwona kwa wazee, lakini radi inaweza kumleta kwa mtu wa umri wowote, na mara nyingi kwa macho yote mawili. Ndiyo madhara ya jicho yanayoonekana zaidi kwa waliopigwa na radi. Jambo hili si geni hata kidogo: daktari wa macho Mfaransa, Charles de Saint-Yves, aliliandika mwaka wa 1722. Na halitokei lazima siku ile ile. Linaweza kuanza baada ya siku chache, wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa ushuhuda Jumapili, macho mazima, na hatari bado iko njiani.

Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji. Wanatoa lenzi iliyoharibika, wanaweka ya kutengenezwa. Jicho la kushoto la mama lilirudi, anasoma tena. La kulia lilisafishwa vizuri vile vile, lakini baada ya weupe kutoka daktari aliona kwamba nyuma kabisa ya jicho, pale katikati tunapotumia kusomea na kutambua sura ya mtu, kuna tundu dogo. Radi hufanya hivyo pia wakati mwingine. Kwa jicho hilo mama anaona pembeni, katikati hakuna. Nilimuuliza daktari nje kwenye korido kama tungekuja mwezi wa sita ingekuwa tofauti. Akasema labda, labda hapana, hawezi kuniambia. Nilitaka anihukumu ama aniachilie. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wapendwa, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini tunaona ni lazima mtu fulani awe amekosa?

Mimi nilisomea biashara, mnanitania kila siku kwamba nahubiri kwa hesabu. Lakini hapa hesabu zinanisaidia. Katika uwekaji vitabu kila kiingiacho upande mmoja lazima kiwe na mwenzake upande wa pili. Jumla zisipolingana hulali. Na mwanafunzi mvivu, usiku wa manane, ana dawa yake: anachukua ile tofauti anaisukuma kwenye akaunti yoyote, usafiri, vifaa, chochote, ili jumla zilingane. Vitabu vinapendeza. Lakini vinasema uongo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kuna akaunti maalum ya kuweka kile ambacho hujui kinatoka wapi. Unakiweka hapo wazi, kila mtu akione, mpaka ushahidi upatikane. Inaudhi, kwa sababu inakukumbusha kila mwezi kwamba kuna kitu hujui.

Marafiki wa Ayubu walikuwa wale wanafunzi wavivu. Moto ulishuka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo na wachungaji, iko katika sura ya kwanza, na wao walikuwa na hasara upande mmoja wa kitabu bila dhambi upande wa pili. Kwa hiyo wakaitafuta dhambi. Walimtembelea, kama mimi nilivyomtembelea mama. Tena walifanya vizuri kuliko mimi, walikaa siku saba kwanza bila kufungua mdomo.

Bwana Yesu aliulizwa swali hilo hilo mara mbili. Mara moja juu ya macho: mtu aliyezaliwa kipofu, na wanafunzi wanataka kujua kama alikosa yeye ama wazazi wake. Mara ya pili alilitaja mwenyewe, wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Mara zote mbili alikataa kuandika kiasi hicho kwenye akaunti ya waliopatwa. Mwaka wa 2011, kule Kiryandongo nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya na watoto 18 wakafa. Kumi na wanane, idadi ile ile ya Siloamu. Na Machi 2018 huko Nyaruguru, Rwanda, iliwapata watu kanisani, wakiwa katika ibada, 16 wakapoteza maisha. Nani ataenda kwa akina mama wa Runyanya kuwauliza babu zao walikuwa nani? Lakini tukishakataa kuwauliza wale 18, tunapata wapi ruhusa ya kumuuliza huyu mmoja, eti kwa sababu tu alikuwa peke yake?

Ndugu mmoja aliniambia nilipofika hapa, "Basi Pasta, unataka kusema ni ajali tu, tendo la Mungu, tuendelee." Hapana. Na hapa ndipo mahali pagumu.

Hayo maneno, tendo la Mungu, wanasheria nao wanayatumia, na sisi tuliosoma mambo ya bima tuliyakariri. Ajabu ni kwamba kwao yana maana ya kinyume na ile ya kijijini. Kijijini ukisema radi ni tendo la Mungu, unamtazama aliyepigwa na kujiuliza amefanya nini. Mahakamani ukisema hivyo una maana kwamba hakuna binadamu wa kushtakiwa, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuliona mbele na kulizuia. Lakini sharti liko hapo hapo: hakuna ambaye angeweza kulizuia. Siku binadamu anapojua namna ya kulizuia, neno hilo linaanza kumponyoka.

Na binadamu alijua zamani. Benjamin Franklin na wenzake walionyesha katika miaka ya 1750 kwamba fimbo ya chuma juu ya paa, ikiunganishwa na waya mnene mpaka ndani ya ardhi, inaipa radi njia yake na kuiacha nyumba. Na mjue nani alipinga. Mchungaji Thomas Prince wa Boston alichapisha mwaka wa 1755 kwamba huenda zile fimbo ndizo zinazidisha tetemeko la ardhi lililowapata. Mchungaji, mtu msomi, mtu wa maombi. Zamani ningemcheka.

Torati ina sheria moja ambayo tunairuka tukisoma, kwa sababu inahusu ujenzi. Ukijenga nyumba mpya, zungushia paa lako ukuta mdogo, ili mtu akianguka kutoka huko damu yake isiwe juu ya nyumba yako. Angalieni vile ilivyo. Haiulizi yule aliyeanguka alikuwa ametenda nini. Haisemi Mungu atamshika mkono. Inamtazama mwenye nyumba, kabla ya mtu yeyote kuanguka, na kumwambia kwamba paa ni lake.

Mwaka juzi kamati ya ujenzi ilileta makadirio ya kumaliza paa. Fundi alikuwa ameandika mistari kumi na minne. Mstari wa kumi na moja ulikuwa fimbo ya kukinga radi, yeye aliita aresta, pamoja na waya na kazi, shilingi 85,000. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimamia bajeti. Tulikuwa na pengo, na tulikuwa tunataka kinanda kipya na spika kabla ya mkutano wa Agosti. Nilichukua kalamu nikapiga mstari juu ya mstari wa kumi na moja. Mzee mmoja aliuliza, nikamjibu kwa utani kwamba Mungu wa Eliya anajua paa letu. Watu walicheka, kikao kikaendelea. Iko kwenye kumbukumbu za kikao, isipokuwa huo utani.

Kinanda mnakijua, ni kizuri. Mama yule ameimba nacho.

Sasa mnaona kwa nini niliifurahia ile habari ya mlango uliofunguliwa. Sidanganyi kwamba nilikuwa nafikiria bajeti wakati nikimuuliza kuhusu babu zake. Sikuwa nafikiria hata kidogo. Lakini moyo ni mhasibu mjanja. Unaweza kuhamisha kiasi kutoka akaunti moja hadi nyingine bila kukuonyesha risiti. Mtu anayetafuta kosa kwa bidii sana ndani ya nyumba ya mwingine, pengine kuna nyumba anaikwepa.

Kuna watakaosema sasa nimefanya kosa la pili, kwamba nimekataa kumlaumu mama halafu nikajilaumu mimi, na bado ni lazima awepo wa kulaumiwa. Nimelifikiria hilo. Sidhani ni sawa. Kwa nini radi ilianguka dakika ile, kwa nini mtoto alichelewa shule siku ile na si nyingine, hayo nimeyaweka kwenye ile akaunti ya nisiyoyajua, na yatakaa huko mpaka nimwone Bwana uso kwa uso. Hata kama aresta ingekuwepo, siwezi kuapa kwamba asingeumia. Lakini paa halikuwa fumbo. Paa lilikuwa na makadirio, na makadirio yalikuwa na sahihi yangu. Tofauti ya maswali haya mawili ni hii: lile la babu zake lingemaliza kwa aibu yake tu, hata kama lingepata jibu. Lile la paa likijibiwa, kuna kitu cha kufanya Jumatatu.

Daktari naye aliuliza juu ya yaliyopita. Aliuliza ili ajue ashike wapi.

Nilimwendea mama mwezi wa kumi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea. Nilimwambia habari ya mstari wa kumi na moja, nikamwambia na ya daftari la zaka. Alinyamaza muda mrefu, akiwa amenigeuzia lile jicho la kushoto kama afanyavyo siku hizi. Kisha akasema, "Ya bajeti nimesikia, Pasta. Lakini hii ya shemeji yangu, ulinifanya nimchukie upya mtu niliyekuwa nimeshamsahau." Halafu akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilimuuliza kama naweza kuandika haya. Alisema, "Andika, lakini jina langu acha." Nimeacha, ingawa sote tunamjua.

Kamati ilikutana Jumanne iliyopita. Fundi anaanza kazi tarehe iliyotangazwa, na wakati huo mazoezi ya kwaya yatakuwa katika darasa la shule ya jirani, ambayo ina kinga yake. Mpaka amalize, wingu likitoka upande wa ziwa na ngurumo zikisikika, tutafunga ibada hata kama mhubiri hajamaliza, na nguzo za baraza mtu asizishike. Usikimbilie chini ya mti. Gari lenye paa la chuma, ukikaa ndani bila kushika kuta zake, ni salama kuliko mti na kuliko baraza letu. Na kama kuna yeyote kati yenu, ama jirani yako, aliyewahi kupigwa na radi hata miaka miwili iliyopita na akawa anaona ukungu, ama pete kwenye taa, ama shimo katikati ya anachokitazama, aniambie baada ya ibada. Nitaomba naye. Gari litakuwa Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili, hapo kwenye lango.